Vigari Nilivyovipandisha Juu

Mwaka jana, msimu wa viazi, nilikuwa nimekaa nje ya duka la vipuri pale Makambako, namngoja mwenye duka amalize chai yake. Ikapita kirikuu moja imepandishwa juu kiasi kwamba niliona mbwa aliyelala upande wa pili wa barabara kupitia chini ya tumbo lake. Juu ya paa keria. Juu ya keria magunia manne ya viazi, lumbesa, yale yaliyojazwa hadi mdomo umegoma kufungwa, wakayaongezea kilemba cha wavu. Ndani watu wamebanana, shavu la mmoja limegandamizwa kwenye kioo. Dereva ana mkono mmoja kwenye usukani, wa pili umeshika simu, na kioo cha nyuma kimeandikwa MUNGU NDIYE DEREVA.

Nikasema kwa sauti, "Basi mpishe aendeshe!"

Mwenye duka akacheka hadi akamwaga chai. Mimi sikucheka. Najua ile kazi inafanywaje, najua vile vipande vya chuma vya kunyanyulia gari vinakatwa wapi na vinafungwa wapi, na namjua mtu wa kwanza kuvifunga hapa mjini. Ni mimi.

Ninyi vijana wa gereji mnaniamkia vizuri. Mnanipisha kwenye benchi, mnaniita Mzee Fundi, mkikwama na gia boksi mnakuja nyumbani kuniuliza. Mmoja wenu aliniomba niandike mambo ya kazi, niwaachie. Haya, naandika. Ila mkishamaliza kusoma mtaamua wenyewe kama mtaendelea kunipisha kwenye hilo benchi.

Nimeshika spana zaidi ya miaka thelathini, karibu yote hapa hapa Makambako, hatua chache kutoka njia panda ya kwenda Njombe. Nimefungua injini za kila aina. Lakini jina nililipata kwa vigari vidogo vya boksi, hizi kirikuu na ndugu zake. Kwa asiyevijua: uso umekatwa wima, mbavu zimesimama wima, matairi madogo, injini iko chini ya makalio ya dereva. Mbele hakuna pua. Magoti yako ndiyo bampa.

Si gari baya, jamani. Nakasirika nikisikia mtu anakitukana kigari chenyewe. Kinakula mafuta kidogo, kinapita uchochoroni, kinabeba kuliko umbo lake. Kinataka jambo moja tu: ukiendeshe kama kilivyo. Ni chembamba, ni kirefu kwenda juu, ni chepesi. Mitaani haya hayasumbui. Ukikitoa kwenye lami kubwa, ambako mabasi ya Songea na semi za Tunduma zinapita zikivuma, hapo ndipo kinapokuonyesha udogo wake.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Shabani, mtu wa Tanga aliyefuata malori hadi Makambako akaoa, akakaa. Alikuwa mfupi, msafi, hakai kula kabla hajanawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga. Alikuwa na kipimo chake cha magari ya boksi ambacho hamtakikuta chuoni. Ukimaliza kazi, kabla mwenye gari hajapewa funguo, unasimama ubavuni, unaweka bega chini kidogo ya paa, unasukuma mara moja kwa nguvu, unaachia. Halafu unahesabu kigari kinacheza mara ngapi.

"Mara mbili kikatulia, mpe mwenyewe aende," alikuwa anasema. "Mara tatu, kuna kitu hukukiona. Mara nne, ingia chini tena na usitoke mpaka nikuite."

Mimi nilikuwa mbishi. Siku moja nimejaza upepo kwenye matairi ya kigari cha mteja hadi yakawa magumu kama mawe, kwa sababu anabeba mzigo, nikaona nimemsaidia. Mzee Shabani akayapiga teke, akanitazama. Hakugomba. Akaniambia, "Panda nyuma." Akaendesha mwenyewe njia ya Njombe, kigari kitupu, mimi nimekaa kwenye bati. Kila shimo nilipaa. Kila kona nyuma iliteleza kidogo, roho ikanitoka. Tuliporudi makalio yalikuwa hayana hisia. Akaniuliza, "Sasa umeelewa tairi linashikaje lami?" Nikasema nimeelewa. "Sema tena." Nikasema tena. Akaenda kunawa.

Wateja nao walikuwa na akili zao. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Njombe, mtu mzima, mwenye kigari cha boksi alichokipenda sana. Upepo wa Makambako ulimsumbua, kigari kinamhama hadi mstari wa katikati. Badala ya kupunguza mwendo akaweka jiwe la kusagia nyuma ili kitulie. Kweli kikatulia. Siku alipokutana na ng'ombe barabarani akakanyaga breki, jiwe likaja mbele lenyewe, likapita kati ya viti viwili, likavunja redio. Alikuja gereji na redio mkononi. Akaniambia, "Fundi, nilidhani uzito ni uzito tu." Tulicheka wiki nzima. Lakini mwalimu yule alijifunza kwa redio. Mimi nilijifunza kwa mtu.

Kazi ya kupandisha ilianza na watu wa Makete. Miaka ile, kushuka kutoka Iwawa na viazi masika ilikuwa kujitakia balaa, matope yamechimbwa na malori hadi kigari kinakaa kwa tumbo, matairi yanazunguka hewani. Wakaja kwangu wanalia. Nikafikiri. Nikakata vipande vya chuma nene, nikatoboa, nikavipachika kati ya springi na ekseli, na mbele nikaweka vya duara juu ya shokapu. Spesa. Kigari kikanyanyuka. Mteja wa kwanza alikwenda Iwawa na kurudi hajagusa chini hata mara moja. Wiki iliyofuata nikawa na foleni.

Mzee Shabani alikuwa bado hai, mgonjwa, anakuja gereji kuota jua tu. Aliiona ile ya kwanza. Akainuka, akaweka bega, akasukuma. Kigari kikacheza, kikacheza, kikacheza. Hakuhesabu. Akasema, "Wewe unamtoa mtu matopeni unakwenda kumuua kwenye lami."

Nikamjibu, "Mzee, lami wataendesha polepole."

"Nani?" akauliza. "Nitajie mmoja."

Nikarudi chini ya gari. Alifariki mwaka huo, na kipimo cha bega nikakizika naye, maana kila nikikifanya kilinipa jibu nisilolitaka. Watu wakaanza kuniita Fundi Pandisha. Nilifurahi, nisiwadanganye. Nilitembea mjini kifua mbele.

Sasa nimtaje mtu mwenyewe. Mke wangu, Mama Lusungu, ana mdogo wake wa mwisho anaitwa Enosi. Kwao ni Wanging'ombe. Enosi alinunua kirikuu yake kwa jasho la viazi, akawa anasomba mizigo ya wafanyabiashara kutoka Iwawa kuleta Makambako. Sijaona dereva mwangalifu kama yule, na nimeona madereva. Hampiti mwenzake mlimani. Hashiki simu. Akiona basi linakuja anapunguza mwendo kabla halijafika, mikono yote miwili. Wenzake stendi walimwita Bwana Harusi, eti anaendesha kama amempakia bibi harusi asiyetaka kuchafuka. Yeye anacheka tu, anafuta vumbi kwenye dashibodi.

Siku hiyo alikuja kubadilisha oili. Oili tu. Mimi nikainama, nikaona tumbo la gari limekwaruzwa, nikasema, "Shemeji, gari lako linatambaa kama kenge. Niachie mpaka saa kumi."

"Ah, shemeji, linanitosha hivi hivi."

"Nakupa zawadi. Unakataa zawadi yangu?"

Kwetu mnajua. Mume wa dada yako mkubwa akikunyooshea mkono na kitu, hukisukumi. Enosi akaacha funguo. Nami kwa kutaka kumfurahisha nikaweka spesa ndefu kuliko nilizowahi kumwekea mtu, na keria mpya juu, nimeichomelea mwenyewe, nzito, imara kama daraja. Alipokuja kuchukua, akazunguka gari lake, akacheka kidogo, akapanda kama anayepanda kitanda cha juu bwenini.

Baada ya siku tatu akarudi. Hakushuka hata kwenye gari. Akaniambia dirishani, "Shemeji, asante sana, lakini sasa inacheza. Nikipishana na basi inanisukuma, halafu inanivuta."

Nikamwambia, "Utazoea."

Neno moja. Nilikuwa chini ya lori la mtu, sikutoka hata kumtazama usoni.

Ajali ilitokea mchana kweupe, kipupwe, upepo unavuma kwenye ule uwanda wa wazi kabla hujaingia Makambako. Enosi alikuwa na viazi juu na ndani, na kando yake amekaa Mama Tumaini, mfanyabiashara wa viazi, mwanakwaya, mama mwenye sauti kubwa na utani mwingi. Mbele yao likaja basi. Enosi alipunguza mwendo, mashahidi wawili walisema hivyo. Basi lilipofika, hewa yake ikaisukuma kirikuu nje, akairudisha. Basi lilipopita, ikavutwa ndani, akairudisha tena. Gari la kimo chake cha kawaida lingeishia hapo. Lile halikuishia hapo. Juu kulikuwa kuzito kuliko chini, likayumba mara ya tatu, likalala ubavu, likabiringika hadi kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Mama Tumaini alifia pale pale. Enosi alivunjika mfupa wa bega.

Niliitwa mimi kulivuta, kwa sababu ndimi niliyekuwa na lori lenye mnyororo. Nikalivuta hadi kituoni. Askari akaniambia mkaguzi wa magari yuko Njombe, atafika kesho asubuhi, lakini gari limeziba geti. Nikasema, "Afande, niruhusu ninyooshe matairi tulisogeze kwa ndani." Akaniruhusu, akaenda kwenye kivuli.

Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo sababu yenyewe ya mimi kuandika. Nilinyoosha matairi. Na nilipokuwa chini nikafungua boliti, nikazitoa spesa zangu zote nne, moja moja, nikazitia kwenye mifuko ya koti. Koti la baridi, lina mifuko mikubwa. Nikafunga springi mahali pake pa asili. Nikatoka, nikapangusa mikono, nikamshukuru afande.

Kesho yake mkaguzi akaja. Akapima, akaandika. Akaniita.

"Fundi, wewe ndiye unayelitengeneza gari hili?"

"Ndiyo, afande."

"Lilikuwa na tatizo lolote?"

"Lilikuwa zima, afande."

"Kwa hiyo ni dereva."

Aliandika yeye, mimi nilikaa kimya tu, na miaka mingi nilijifariji kwa hilo, kwamba sikusema mimi. Mzigo wa juu nao ukaandikwa kwa dereva. Mahakamani Enosi aliulizwa ilikuwaje, akasema, "Usukani ulinishinda." Hakunitaja. Hakuwa ananificha. Haikumwingia akilini hata kidogo kwamba shemeji yake alimpa kitu kibaya, na kwamba gari lililokaguliwa halikuwa lile aliloliendesha. Alifungwa.

Mnadhani niliacha kupandisha? Loh! Niliendelea miaka miwili mingine. Ningeacha ghafla watu wangeuliza kwa nini. Nikaendelea, mikono inafanya, moyo umefungwa, na nikawafundisha wawili kati ya wale mnaowaita leo wakongwe. Ndiyo maana ile niliyoiona ikipita pale dukani imefungwa kwa mtindo wangu hasa.

Haya, ya kazi niyaseme kabla sijasahau, kwa sababu mengine yote yakiwachosha haya yawafae. Mteja wa kigari cha boksi akikuomba umpandishe, muulize anakwenda wapi. Kama tatizo ni matope, mtafutie matairi ya matope ya saizi ile ile, mwekee bati la kukinga tumbo, basi. Usimwongezee kimo. Mzigo mzito ukae chini, mbele ya ekseli ya nyuma. Ukikaa nyuma kabisa, mbele kunakuwa kwepesi, usukani unageuka bila tairi kusikia. Keria ni ya kubebea magodoro na matenga matupu. Lumbesa haipandi juu ya paa la kigari hata mwenye mzigo akigaagaa chini. Upepo wa tairi ufuate kibandiko kilichoandikwa mlangoni, wala usifuate maneno ya mtu wa lori. Kushuka mlima, gia ndogo tangu juu. Usingoje breki zinuke.

Na kupishana na basi: punguza mwendo mapema, shika usukani kwa mikono miwili, jiandae kusukumwa halafu kuvutwa. Ukisukumwa, rudisha kidogo tu. Anayerudisha kwa nguvu anamalizia kazi ambayo upepo umeianza. Enosi alirudisha kidogo, kama inavyotakiwa.

Nilipotoka pale dukani siku ile sikwenda kula. Siku tatu sikushika spana. Mama Lusungu akaniuliza naumwa nini, nikamwambia tukamwamkie Enosi. Alishangaa, maana mimi nilikuwa siendi kule ila kwenye misiba. Jumamosi tukapanda basi dogo hadi Wanging'ombe.

Enosi alipotoka gerezani alirudi kwenye kiwanja cha mama yao, akalima. Hakugusa usukani tena. Vijana wa kijijini wakimwomba awafundishe, anasema mikono yake si ya kazi hiyo. Tulimkuta uani, anatengeneza mpini wa jembe.

"Kamwene," akatusalimia, akaniletea kigoda. "Shikamoo, shemeji."

Ile shikamoo ilinichoma. Mama Lusungu akavuta ungo wa maharage, akaanza kuchambua kama yuko kwake. Mimi sikungoja chai. Nilijua nikinywa chai nitageuza maneno. Nikasema yote, tangu zawadi hadi mifuko ya koti hadi "lilikuwa zima, afande". Nilisema nikitazama chini.

Nilipomaliza Enosi akauliza, "Ulipandisha kiasi gani?"

Nikamwonyesha vidole vinne.

"Mimi nilidhani viwili."

"Vinne nyuma. Mbele vitatu."

Akavitazama vidole vyangu. "Kwa hiyo siku ile nilifanya sawa?"

"Ulifanya sawa, Enosi. Hakuna dereva ambaye lingemsimamia. Hata mimi lingenipindua."

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige, nisiwafiche. Ule mpini ulikuwa mkononi mwake. Akauweka chini taratibu, akamgeukia dada yake.

"Dada, unaikumbuka siku mama alipozidiwa?"

"Naikumbuka," akasema Mama Lusungu. Sauti ilikuwa ya mbali. "Mlikosa gari."

"Gari lilikuwepo. La mwalimu wa shule ya hapa kijijini, jirani. Mwalimu amesafiri, mkewe akaniletea funguo mpaka mkononi. Akaniambia, mchukue mama yako, kimbia hospitali. Nikamrudishia. Nikamwambia mimi nimeshaua mama mmoja, siwezi kumpakia mwingine. Nikatoka mbio barabarani kutafuta mtu wa kuendesha. Nimerudi naye, mama ameshakata roho."

Mikono ya mke wangu ilisimama kwenye ungo. Sikuwahi kulisikia lile, na yeye pia hakuwahi, nilimwona usoni. Enosi alilibeba peke yake miaka yote kwa aibu, aibu ambayo haikuwa yake. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke aliyenipokea nikiwa sina kitu, fundi mwenye suruali moja, akaniambia karibu mwanangu.

Mama Lusungu akanitazama. Tumeishi pamoja tangu ujana wetu na sijawahi kutazamwa hivyo.

"Wewe ndiye uliyesoma wasifu wa marehemu," akasema. "Ulisimama mbele ya kanisa zima, na tai shingoni. Ukasema mama yetu amefariki kwa kukosa usafiri."

"Sikujua, Mama Lusungu. La funguo sikulijua."

"La spesa ulilijua."

Kuku walikuja wakadonoa maharage yaliyomwagika, hakuna aliyewafukuza. Saa kumi tukasikia honi ya basi la kurudi kule barabarani. Nikainuka, nikachukua kofia. Yeye hakuinuka.

"Mama Lusungu, gari hilo linapita."

"Panda," akasema.

Nikapanda.

Baadaye nilikwenda kituoni kusema ukweli. Afande kijana akanisikiliza kwa heshima, akaniambia faili ni la zamani, mzee, wenye kesi walishahama, niache namba ya simu. Niliacha. Nilikwenda pia kwa Tumaini, binti wa yule mama, sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza tu kama Enosi anajua. Nikasema anajua. Akasema, "Afadhali," akafunga mlango.

Kwa hiyo msije nyumbani kwangu mkitegemea chai, vijana. Napika mwenyewe na sijui kupika. Mkija, njooni kuuliza mambo ya kazi, nitawajibu yote bila kuficha. Na mtu akiwaletea kigari cha boksi akataka kimo, mkatalieni, awe mteja, awe rafiki, awe shemeji. Akinuna, anune.

Nasikia Enosi ameanza kuendesha tena. Anaazima gari la mwalimu Jumapili baada ya ibada, analizungusha taratibu kwenye uwanja wa shule, mara moja, mara mbili, halafu anafika hadi barabarani na kurudi. Aliyeniambia anasema kando yake anakaa dada yake, amefunga mkanda, na kila wakimaliza mzunguko anamwambia, "Tena."

Mimi sijaalikwa.